Sola Hufa Kimya

Msafiri akitoka Lodwar kwenda kaskazini, akapita Kalokol na Kataboi, ziwa likimfuata mkono wa kulia, hana haja ya kuuliza zahanati iko wapi wala shule iko wapi. Mapaa humwambia. Palipo na bati pana paneli ya sola, na palipo na paneli pana mwalimu, muuguzi au pampu ya kisima. Zaidi ya hapo ni nyumba za makuti ya mikoma, mawe meusi na mchanga. Afikapo Nariokotome atakuwa ameziona paneli nyingi zikimeta juani, na atakuwa ameshaamini kwamba Turkana imepata mwanga wa kuitosha.

Fundi mzoefu hasadiki upesi hivyo. Anajua kwamba kioo cha paneli iliyokufa hung'aa sawa na cha paneli iliyo hai, na kwamba hakuna awezaye kuzitofautisha akiwa barabarani.

Kabla ya sola kuenea, visima kadhaa vya nchi hii kavu vilivutwa maji na vinu vya upepo, vikiwemo vile vya Kijito vilivyoundwa Thika. Kinu cha upepo kikiumwa hulalamika. Chuma kikikosa grisi kinalia, na kijiji kizima kinasikia hata kabla maji hayajakatika. Jenereta nayo hukohoa na kutoa moshi. Sola hufa kimya. Taa iliyokuwa ikiwaka hadi alfajiri inazima saa nane usiku, baada ya miezi inazima saa nne, kisha saa mbili, na watu wanajifunza kulala mapema. Siku inapokata kabisa, hakuna akumbukaye ugonjwa ulianza lini.

Ndiyo maana ipo kazi ya fundi anayekuja baadaye. Kazi yake si kufunga mtambo mpya, ni kuukagua na kuupima ule uliofungwa na mwingine, mara nyingi mtu asiyemjua na ambaye hatamwona kamwe. Kazi hii haina sherehe. Siku ya kuwasha huwa na wageni, hotuba, ngoma na kibao chenye jina la mfadhili. Fundi wa ukaguzi hufika miaka mitatu au minne baadaye, vumbi likiwa limefunika kibao hicho, na mara nyingi anayempokea ni muuguzi mmoja na mbuzi waliojilalia kivulini.

Nariokotome yenyewe inajulikana duniani kwa sababu ya mtu aliyejua kutazama. Mwezi Agosti 1984, Kamoya Kimeu, aliyekuwa akifanya kazi na watafiti Richard Leakey na Alan Walker, alitembea ng'ambo ya kambi yao siku ambayo wenzake walikuwa wakipumzika. Kati ya kokoto nyeusi aliona kipande kidogo cha mfupa chenye rangi ileile ya kokoto. Kilikuwa cha fuvu. Uchimbaji uliofuata ulitoa mifupa ya kijana aliyeishi hapo yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, mojawapo ya mabaki kamili kuliko yote ya binadamu wa kale kiasi hicho. Kamoya, aliyefariki mwaka 2022, hakuwa amesoma chuo kikuu. Alikuwa na jicho lililofunzwa kwa miaka mingi ya kutembea polepole na kutodharau kitu kidogo. Wengine walikuwa na macho kama yake, na ardhi ilikuwa ni ileile. Tofauti ilikuwa subira.

Fundi mkaguzi anatoka katika ukoo huohuo wa watu wenye subira. Akifika hafungui sanduku la vifaa. Anasalimia kwanza, kwa Kiturukana akikijua, anakubali chai, na anaanza kuuliza.

"Daktari, taa inafika saa ngapi?"

"Siku hizi, fundi, saa tatu haifiki."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana tulikuwa tunazalisha akina mama mpaka asubuhi na taa inawaka."

"Simu za kijiji zinachajiwa hapa?"

Muuguzi anasita kidogo. "Za wagonjwa tu. Na za walimu. Na ya chifu."

Mazungumzo ya namna hii husikika katika zahanati nyingi, na ndani yake mna nusu ya vipimo. Mtambo uliopigiwa hesabu ya taa sita na friji ndogo sasa unalisha simu za kata nzima, na huenda televisheni ya mechi za Jumamosi pia. Fundi asiyeuliza atalaumu betri, atauza betri mpya, na baada ya mwaka betri hiyo nayo itakuwa imechoka.

Baada ya chai anazunguka nyumba, mikono ikiwa nyuma. Anatazama paa. Mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa nao ukageuka kuwa balaa, hukua haraka kuliko bajeti yoyote ya matengenezo, na tawi lake moja likitupa kivuli kwenye pembe ya paneli linaweza kunyima nguvu safu nzima iliyounganishwa nayo. Dawa yake ni panga. Anaangalia vumbi, maana katika nchi ambako mvua ya mwaka mzima ni milimita mia mbili hivi, hakuna mawingu yatakayoosha kioo. Anatikisa fremu. Upepo wa kusini-mashariki hauachi kuvuma hapa, na usiku hadi usiku hulegeza nati ambazo mfungaji aliziona zimekaza vya kutosha. Anafungua kijisanduku cha viungo nyuma ya paneli taratibu, kwa kuwa nyigu wanapenda kukaa humo.

Sasa ndipo mita inapotoka mfukoni, na hapa fundi wa kweli na mbabaishaji wanaachana njia. Paneli ndogo iliyokusudiwa betri ya volti 12 ikipimwa bila kubebeshwa mzigo huonyesha volti 20 au 21. Mbabaishaji akiona namba hiyo anatabasamu na kushuka ngazi. Lakini kiungo kilichooza, chenye uzi mmoja tu wa shaba unaogusa, nacho huonyesha volti 21. Udhaifu wake hujificha mpaka mkondo upite. Mkaguzi mwenye kuijua kazi hupima ampea mzigo ukiwa umewashwa, hulinganisha safu na safu wakati uleule chini ya jua lilelile, kisha hugusa kila kiungo kwa nje kutafuta kile chenye joto kuliko wenzake. Joto la kiungo hufichua yale ambayo volti huyaficha.

Hulipigia jua lenyewe hesabu. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa maabara, paneli ikiwa na nyuzijoto 25. Adhuhuri ya Turkana, juu ya bati, paneli hupita nyuzijoto 60 bila shida, na silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi. Kwa hiyo paneli ya wati 100 inayotoa wati 84 saa saba mchana haiumwi. Asiyejua hilo ataitupa nzima, au ataiacha mbovu akidhani joto ndilo lililoila.

Pana hatari pia, na huyu fundi haichukulii kimchezo. Umeme wa nyumba za mjini, ule wa mkondo geu, hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche inayozuka hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo mnyoofu wa sola haupumziki. Cheche yake ikishika kwenye kiungo kilicholegea inaweza kuendelea mpaka plastiki iyeyuke. Sakiti breka ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa mkondo geu, ikiwekwa upande wa paneli, huenda ikashindwa kuukata moto siku itakapohitajika. Na jua likiwaka, paneli haizimiki. Ili kuitengeneza kwa usalama lazima ikatwe kwa swichi yake halisi au ifunikwe kwa turubai. Katika boma ambalo kuta na paa ni makuti makavu ya mkoma, kosa kama hilo huisha kwa dakika chache, na boma huisha nalo.

Kwa sababu hiyo yeye hupima kinga ya nyaya kwa megga ya volti 500, akiwa kwanza ametenganisha betri na vifaa vya elektroniki, na haridhiki na chini ya megaomu moja. Hupima na waya wa ardhi. Nondo ya shaba iliyopigwa mchangani wakati wa mvua husoma vizuri siku hiyo. Mchanga ukikauka, ukinzani wake hupanda. Mafundi waliozeeka katika kazi hii hupenda kupima ardhi kiangazi, msimu ambao ardhi ya Turkana haidanganyi.

Lakini mahali pa kumjua fundi ni kwenye betri.

Betri za asidi zilizokuwa zikifungwa katika shule na misheni kwa miaka mingi zilikuwa na vifuniko vya kufunguliwa, sita kwa kila betri ya volti 12. Fundi alivifungua kimoja baada ya kingine, akazamisha haidromita, akavuta asidi kidogo, akainua bomba la kioo hadi usawa wa jicho na kusubiri boya litulie. 1.265: chumba hiki kimeshiba. 1.260: hiki pia. 1.150: hiki kinaumwa. Vyumba sita vya betri ni kama msafara wa punda waliofungwa kamba moja. Mmoja akichechemea, mzigo wote unamsubiri. Mita ya volti ingesoma jumla na kupita. Haidromita ilimtaja punda.

Kulikuwa na adabu katika kazi hiyo. Kitambaa cha kufutia, magadi ya kuoka ya kuzima asidi iliyomwagika, dumu la maji safi ya kunawa, na maji ya betri yaliyochujwa madini yote, yaliyobebwa kwenye chupa kutoka Lodwar. Hayo ya mwisho yana historia ya huzuni. Ziwa Turkana lina magadi, na maji ya visima vingi vya kando yake yana chumvi. Betri ikikauka na fundi hayupo, mtu mwenye nia njema huijaza maji ya kisima. Inawaka wiki kadhaa, kila mtu anafurahi, kisha madini yanazila sahani za risasi polepole. Joto nalo halina huruma: kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, umri wa betri ya namna hii hupungua karibu nusu. Betri iliyowekwa stoo ya bati isiyo na dirisha imehukumiwa siku iliyofungwa, na mkaguzi akisema ihamishiwe chumba chenye kivuli na upepo, amefanya kazi kubwa kuliko kununua mpya.

Na kulikuwa na daftari.

Fundi wa zamani aliacha daftari la shule likining'inia kwa uzi kando ya betri, kalamu imefungwa pamoja nalo. Kila aliyekuja aliandika tarehe, saa, hali ya jua, volti, usomaji wa kila chumba, kilichokazwa, kilichobadilishwa, na jina lake. Haikuwa ripoti ya kupelekewa mfadhili. Aliandikiwa fundi ajaye. Ukurasa mmoja ungesema chumba cha tatu cha betri ya pili kinaanza kuteremka, kiangaliwe; ukurasa unaofuata, kwa mwandiko mwingine, ungesema kimeangaliwa. Watu wawili wasiowahi kukutana walisaidiana kumlinda mgonjwa mmoja kwa miaka. Katika mitambo mingi leo daftari hilo halipo, au lipo na kurasa zake zinakoma mwaka fulani, nyuma yake karatasi nyeupe zilizogeuka rangi kwa vumbi. Anayeukagua mtambo wa namna hiyo huanza upya, kama kwamba hakuna aliyewahi kuujua.

Kenya haikuanza sola jana hata iwe na udhuru huo. Mwaka 1984, mwaka uleule wa Kamoya, shule ya harambee ya Karamugi upande wa Meru ilifungiwa sola badala ya jenereta, kwa juhudi za mhandisi Harold Burris na mwalimu Mark Hankins, Wamarekani wawili waliofuatia kazi hiyo kwa kuwafundisha mafundi wa Kenya. Kutoka hapo biashara ilienea kwa pesa za wananchi wenyewe, wakulima na walimu. Baadaye serikali ilianza kufunga mitambo katika shule na zahanati za maeneo makavu, na mwaka 2012 zikatoka kanuni zinazotaka fundi wa sola awe na leseni, T1 kwa mitambo midogo, kisha T2, hadi T3 kwa mikubwa. EPRA, mamlaka ya nishati, ndiyo inayozisimamia sasa. Sheria ni nzuri na inahitajika. Ila macho yake mengi yako kwa anayefunga. Kwa anayerudi, ni machache.

Wakati huohuo Turkana imezoea kuona umeme ukipita. Bwawa la Turkwel, lenye uwezo wa megawati 106, lilianza kazi mwaka 1991, na nguvu yake ikaelekea kusini. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit, mitambo ya upepo 365 iliyozinduliwa mwaka 2019 hupeleka umeme Suswa kwa nyaya za zaidi ya kilomita 400. Kijiji cha ufuoni kinabaki na paneli zake. Ndiyo gridi yake, na gridi hiyo haina kikosi cha dharura wala namba ya kupiga.

Kakuma kazi hii ina sura nyingine. Kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yaliyoongezwa mwaka 2016, yamekusanya watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia na Burundi, na kila jamii imekuja na ujuzi wake wa kutafuta mwanga. Wafanyabiashara waliendesha jenereta na kuwauzia majirani umeme kwa nyaya zilizopita juu ya mapaa. Kisha zikaja sola za nyumbani, na Kalobeyei ikapata gridi ndogo ya jua. Nyumba moja yaweza kuwa na waya wa jenereta, paneli ya msaada na inveta iliyonunuliwa sokoni, vyote vimekutana kwenye soketi moja. Mkaguzi wa hapo hujiuliza swali ambalo fundi wa mjini hulisahau: nikizima hiki, kuna kingine kinachorudisha moto kutoka nyuma? Hupima hata baada ya kuzima. Anapima mara mbili. Shirika la Don Bosco limefundisha umeme kambini hapo kwa miaka mingi, na vijana waliopita mikononi mwake, wenyeji na wakimbizi, wamejifunza kwamba waya mwekundu si ushahidi wa chanya mpaka mita iseme.

Kinachouma ni kuona jinsi ujuzi huu unavyopewa thamani ndogo. Zabuni hulipa paneli mpya. Ripoti huhesabu mitambo iliyofungwa, mara chache hutaja inayowaka. Friji ya chanjo, ambayo lazima ibaki kati ya nyuzijoto 2 na 8, hupewa stika ya mradi kabla ya kupewa mtu wa kuiangalia, na friji nyingi za zamani zilizotegemea betri zilikufa kwa sababu hiyohiyo: hakuna aliyetenga pesa za betri ya pili. Zikaja friji zinazohifadhi baridi katika barafu bila betri kabisa. Ni uvumbuzi mzuri, lakini ndani yake mna kukiri kwamba binadamu wa kurudi hapatikani. Nazo bado zina paneli za kufutwa vumbi na viungo vya kukazwa.

Sasa betri za lithiamu zinaingia, na zina sifa zao: hazidai maji, huishi muda mrefu zaidi, hazimwagi asidi. Sanduku limefungwa, haidromita haina pa kuzama. Simu inaonyesha asilimia, na palipo na mtandao mtu aliyeko Nairobi anaweza kuusoma mtambo wa Turkana kaskazini. Haoni tawi la mathenge. Haoni waya uliotafunwa na panya, wala nondo ya ardhi iliyong'olewa ikauzwa kwa chuma chakavu, wala kiungo cha aina mbili tofauti kilicholazimishwa kuingiliana na kuanza kubadilika rangi. Hayo yanahitaji mtu apande ngazi asubuhi bati likiwa bado baridi.

Mtu huyo yupo. Lodwar wamo bado mafundi wanaoweza kusikiliza maelezo ya muuguzi kwa simu na kutaja kiungo kilicholegea kabla hawajafika. Ujuzi wao hauko katika silabasi. Unapatikana kwa kijana kumfuata mzee, kumshikia ngazi, kuandika namba anazozitamka na kuulizwa, kila mara, kwa nini namba hii si sawa na ile. Mafuta ya gari kutoka Lodwar hadi Nariokotome na kurudi, posho ya fundi na ya kijana mmoja wa kubeba mita, chupa za maji ya betri na daftari jipya, vyote pamoja havifikii bei ya safu moja ya betri za zahanati. Bajeti ikibanwa, safari hiyo ndiyo hufutwa kwanza, na kijana aliyetakiwa kubeba mita huenda Eldoret kufunga kamera za ulinzi.